Hatua Kumi na Mbili

Baba alinishika mkono, tukaanza penye mfenesi,
nikahesabu kwa sauti mpaka kwenye ule mti
ambao Waganda huuita mlamula, yaani mwamuzi:
kumi na mbili.
"Hapa tunakoma," akasema. "Ng'ambo ni kwa kina Kyeyune."
Nilikuwa na miaka saba. Niliihifadhi hesabu hiyo
kama nilivyoihifadhi Alhamdu.

Kisha ukaja mwaka wa kukimbia Bombo.
Tulifunga masufuria ndani ya shuka, mlango tukauacha wazi.
Niliporudi nilikuwa mjane, na mikeka mitatu ya kuuza.
Mlamula haukuwepo. Mfenesi ulikuwepo.
Nikaanza penye shina, nikahesabu,
na ya kumi na mbili ikanitua
katikati ya migomba ya Ssalongo Kyeyune.

Hapo ikaanza miaka kumi na mmoja.
Akafunga seng'enge. Nikaikata usiku kwa koleo la kuazima.
Akaifunga tena, nyuzi mbili zaidi.
Mbuzi wangu akala machipukizi yake.
Kuku wake akavuka kuja kwangu, hakurudi;
nilipoulizwa nilisema sijui.
Bombani tulipanga madumu, lake nyuma ya langu,
bila hata "habari za asubuhi",
na kwa Waganda hilo ni tusi kuliko tusi.
Mkewe alipofariki nilikwenda. Nilikaa mwisho wa mkeka,
sikugusa chakula.
Walimzika mle mle migombani,
nami, Mungu anisamehe, nilisema moyoni:
wamemzika kwangu.

Mwenyekiti Nassolo alichoka nasi.
Akamwita mpimaji kutoka mjini, kila mmoja alipe nusu.
Mpimaji akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu,
akachungulia, akaandika, akafuta.
"Hamna hati, hamna jiwe," akasema.
"Mashine haikumbuki. Nipeni pa kuanzia."

"Mimi nakumbuka," nikasema, nikajifunga leso,
nikaanza penye shina mbele ya watu wote,
moja, mbili, nikipaza sauti ili Ssalongo asikie vizuri.
Nyuma yangu mjukuu wangu Mastula akanifuata,
akiniiga mwendo na makalio, watu wakacheka:
moja, mbili, tatu.
Mimi nilipotua kumi na mbili, kaburi la Nalongo
lilikuwa upande wangu wa kushoto.
Nikageuka.
Mastula alikuwa mbali kule nyuma.
Alikuwa ameinama akapita chini ya seng'enge,
akakanyaga mara moja, akasimama.
"Bibi, zangu zimeisha."

Hakuna aliyecheka tena.
Ana miaka saba.

Ssalongo mwenyewe ndiye aliyeleta jembe.
Alichimba miguuni pa mtoto, polepole, kama anayetafuta sindano,
mpaka udongo mwekundu ukageuka mweusi:
makaa, konzi mbili, na shingo ya chupa ya kijani.
Wazee wa zamani walifukia makaa chini ya mpaka
kwa sababu makaa hayaozi, na hayawezi kuhama usiku.

Nilitamani aseme neno baya. Nilikuwa na majibu ya miaka kumi na mmoja.
Lakini alikuwa anautazama ule upenyo mdogo
kati ya makaa na waya wake.
"Hatua moja ya mtoto," akasema. "Nilikuibia hatua moja ya mtoto."
Nami nilikuwa nikimdai safu nzima ya migomba,
na mkewe ndani yake.
Sikuweza kulisema hilo. Nilishika tu ncha ya pili ya seng'enge
alipoanza kuikunja.

Nassolo akaandika katika daftari la shule, nakala tatu;
mimi nikaweka dole gumba.
Mpimaji alidai pesa zake zote, tukamlipa.
Siku ya Jumamosi tulipanda vipandikizi vya mlamula,
Mastula akivishika visilale,
na Ssalongo akaniuliza kama tuache upenyo, kama zamani,
wa kupitishia moto.
Nikasema tuache.

Habari za kuku bado sijamwambia.